Jina Lililoitwa Mlangoni

Kila mwaka chuoni kwetu wanaletwa wanafunzi wapya wa uuguzi, nami hupewa kazi ya kuwauliza kwa nini wameichagua fani hii. Karibu wote wanasema ni wito. Mmoja lazima aseme alipenda sare nyeupe tangu utotoni, na wenzake wanamwangalia kwa wivu kwa kuwa amewatangulia kulisema. Siwacheki. Mimi nimesoma cheti, nikasoma stashahada, na mvi zilipoanza kuchungulia nikarudi darasani tena, na sijawahi kumwambia msaili yeyote kwamba kilichonisukuma ni woga. Nilimwogopa mtoto aliyenyamaza.

Mtoto huyo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, aliyezaliwa nikiwa kidato cha pili. Tuliishi Ilemela, upande wa ziwani, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe makubwa ambayo hata jua likizama yanabaki na joto kama jiko lililoachwa na makaa. Baba alitoka mkoa wa Mara akaja kuvua, na viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kufunguliwa akapata kibarua cha kupakia barafu. Alikuwa amekuja na mama yake, yaani bibi yetu.

Bibi alikuwa na binti mmoja tu, shangazi yangu, aliyezama ziwani kabla mimi sijazaliwa. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Baba alinisimulia kwamba siku zile bibi alishinda ufukweni akiita jina la binti yake mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamrudisha nyumbani kwa kumshika mikono. Mtu asiye na kaburi huwezi kumlilia ukamaliza. Nyumbani kwetu jina lile halikutajwa kabisa, na mimi nilikua bila kulijua.

Mdogo wangu alipokaribia kutimiza mwezi alianza kulia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Kilikuwa chembamba, cha juu, na ukimbeba kumbembeleza ndiyo kwanza kinazidi. Titi alikuwa analikataa. Mama alijaribu kila alilofundishwa na kina mama wenzake, halafu akaanza kulia na yeye.

"Huyu halii njaa," bibi alisema. "Analia jina."

Baba akamkumbusha kwamba mtoto alikuwa na jina tayari, la ubatizo, walilolichagua pamoja na mama. Bibi akamjibu kwamba hilo la kanisa ni la kanisa. Kwetu inajulikana kwamba mtoto anayelia bila kukoma anadai jina la mmoja wa marehemu wa ukoo. Basi marehemu wanaitwa mmoja mmoja, na likitajwa lililo lake mtoto ananyamaza na kushika titi. Mimi mwenyewe, naambiwa, nilinyamaza kwa jina la mama yake babu. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Jua lilipokuwa linazama mama alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Mimi nilishika kibatari. Bibi alisimama mlangoni, ametugeuzia mgongo, uso wake ukielekea ziwani. Alikuwa anaita jina, anasubiri, kisha anaita jingine. Kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita jirani aje kuchukua mboga. Mtoto aliendelea kulia. Wakaitwa wazee wa upande wa babu, wakaitwa wa upande wa bibi, na kila bibi aliponyamaza kusubiri nilijikuta nautazama mlango na kuombea asitokee mtu.

Halafu bibi alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani wamekwisha. Akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia, na kwa hilo moja sauti yake ilipanda.

Kilio kilikatika katikati. Mdogo wangu alifumbua macho, na hakumtazama mama. Alitazama mlangoni. Nilihisi nywele zikinisimama kichwani.

"Karibu mwanangu," bibi alisema, r na l zikimchanganya kama kila aliposisimka. "Umecherewa."

Mama alimpa titi. Mtoto hakulishika. "Mbona hanyonyi?" mama aliuliza, na bibi akasema, "Amechoka. Ametoka mbari. Mwacheni arare."

Kesho yake nyumba ilikuwa na furaha nisiyoizoea. Bibi alifagia uwanja, akachinja kuku, akawa anaimba jikoni. Mtoto nilipewa mimi nimpakate. Alikuwa wa moto, mlegevu, macho yamefumbuka nusu, na kichwa kinaniangukia mkononi kila nikimweka sawa. Sikuwa na wazo lolote la ugonjwa. Nilidhani nimempakata shangazi. Nilikuwa namshika kwa ncha za vidole, na nilipopata nafasi nilikuwa nampa mama.

Mchana alikuja jirani yetu kutupongeza. Alikuwa muuguzi wa serikali, akapunguzwa kazini katika wimbi lile lililowakumba wengi, na sasa alikuwa na duka la dawa pale njia panda. Alimwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba ndefu yenye kicheko, akampokea mtoto. Tabasamu lake halikuondoka usoni, lakini nikaona mikono yake imeshaanza kufanya kazi nyingine. Alipitisha kiganja utosini. Aliunyanyua mkono wa mtoto, akauachia ukaanguka. Alimfinya unyayo.

"Ameacha kulia tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana, alipopata jina," bibi alimjibu.

"Na kunyonya?"

 Mama aliinamisha kichwa.

"Mama," muuguzi alimwambia bibi, "mtoto huyu hajatulia. Ameishiwa nguvu za kulia. Utosi wake umevimba. Lazima afike hospitali leo."

Bibi aliweka chini kisu cha kuku. "Nilimwita, akaitika. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi usimwondoe. Ziwa lilimchukua mimi sipo. Leo nipo."

Nilimtazama yule mama wa duka la dawa nikitegemea aanze kutugombeza, maana watu wa hospitali tuliwajua kwa kufoka. Hakufoka. Alipiga magoti mbele ya bibi, mtoto bado mikononi mwake.

"Sikatai kwamba ni yeye," alisema. "Nami nasema, kama ni yeye, ametoka mbali sana. Ukimwacha hapa atakufa, na utakuwa umempoteza mara ya pili."

Bibi alinawa mikono. Kisha akachukua kitenge chake kwenye kamba, akatangulia kutoka.

Gari lililopatikana lilikuwa la kiwanda, limetoka kupeleka barafu mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, na linarudi mjini. Tulikaa nyuma kwenye bodi, juu ya magunia yaliyoloa, na mabaki ya barafu yakawa yanayeyuka na kutiririka hadi miguuni. Bibi aliyatazama maji yale yakipita kati ya vidole vyake. "Amekuja na maji yake," alisema polepole, na mama akaanza kulia. Muuguzi hakubishana. Alikuwa amemlaza mtoto kwenye mkono, sikio lake limekaribia pua ya mtoto, anasikiliza pumzi.

"Endelea kumwita, mama," alimwambia bibi.

Bibi akaita. Tulipita kiwanja cha ndege, tukapita watu wanaochoma mahindi, na njia nzima bibi alikuwa anamwita marehemu kwa jina lake ndani ya gari la samaki. Watu waligeuka kututazama. Mimi nilitamani anyamaze, na niliogopa zaidi kwamba angenyamaza.

Hospitali walimchoma sindano ya mgongoni, wakasema ni homa ya uti wa mgongo, wakaanza dawa. Kwa siku kadhaa alilala vile vile, anapumua tu. Asubuhi moja alichomwa sindano ya paja akalia kwa hasira, kilio kinene cha mtoto aliyeonewa. Jirani yetu, aliyekuwa amekuja kutuona, alikaa kitandani akafuta macho. "Huyo sasa mzima," alisema.

Nilimhusudu kuliko nilivyowahi kumhusudu mtu. Alikuwa na masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Nilitaka kujua ukimya upi ni usingizi na upi si usingizi, nisije tena nikapakata kitu kwa ncha za vidole bila kujua ni nini. Nilipomaliza kidato cha nne niliomba chuo cha uuguzi, sikuomba kingine.

Mdogo wangu alinenepa, akatambaa, akatembea. Ila hakusema. "Aliyekaa majini muda mrefu huchelewa kusema," bibi alisema, na sote tukaona ni sawa. Radi za ziwani zilikuwa zinapasua anga, sisi tunashtuka na kukumbatiana, yeye amelala. Wageni hawakupenda namna alivyokuwa akiwakazia macho midomoni. Walisema haogopi kitu kwa sababu ameshaona kule chini, wakawa wanaaga mapema.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, darasani, mwalimu anaeleza madhara ya homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Akasema kuna wanaopona wakabaki viziwi, kisha akaendelea na jambo jingine. Mimi sikuendelea. Sikusikia tena alichofundisha.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mdogo wangu juu ya jiwe, amekaa kuelekea ziwani, anapanga mawe madogo. Bibi alikuwa uani, anamwita aje kula. Alimwita kwa lile jina, tena na tena, bila haraka. Mtoto hakugeuka.

Nilichukua sufuria na mwiko, nikapanda nyuma yake, nikapiga kwa nguvu zangu zote karibu na kisogo chake. Ndege waliruka kutoka kwenye mawe. Mbwa wa jirani alibweka. Mdogo wangu aliongeza jiwe jingine kwenye mstari wake.

Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama ananitazama.

"Kwa hiyo siku ile ya jina hakunisikia," alisema.

Nimesoma miaka mingi tangu hapo na bado sina jibu la uhakika. Mtoto aliyechoka hunyamaza kwa jina lolote lile. Lakini yale macho niliyaona, jinsi yalivyouelekea mlango.

"Labda alisikia, Bibi," nilimwambia. "Labda ndilo neno la mwisho alilosikia."

 Bibi alipanda jiwe taratibu, akishikilia kwa mikono, akafika hadi alipokaa mtoto, akamgusa bega. Mdogo wangu aligeuka, akamwona, akacheka.

"Wewe ndiye uliyeko shule," bibi aliniambia, mkono wake ukiwa bado begani pale. "Nenda kasome namna ya kumwita huyu."