Tamthilia nusura iuze shamba la bibi yangu kule Mlali

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaweka.

Mimi ni binti wa Mafiga, chuo nimemaliza, na nyumbani wananijua kwa ubishi. Ustadhi akisema neno, nauliza limeandikwa wapi.

Sasa kuna tamthilia ya TV kuhusu maisha ya zamani huku kwetu Uluguru. Location kali, mavazi makali. Humo mzee wa Kiluguru anawagawia mashamba watoto wake wa kiume. Mabinti wanapita tu na vyungu kichwani.

Tuliitazama familia nzima. Mimi mbishi sikuuliza hata swali moja.

Mjomba alipofariki, binamu yangu Shomari, mwanawe, akapanda Mlali kwa bibi. Akadai shamba la migomba alilolima baba yake sasa ni lake, mila ndivyo ilivyo, hata TV wameonyesha. Na mnunuzi alishampata.

Aibu yangu ni hii: nilimwambia mama kwamba kimila jamaa ana pointi.

Bibi akaita ukoo. Tukamwamkia, tukakaa mkekani. Hakugombana na TV. Alimuuliza Shomari kitu kimoja.

"Wewe ukoo wako upi?"

Shomari akautaja. Ukoo wa mama yake, si huu wa bibi wenye shamba, maana Mluguru hufuata ukoo wa mama tangu anazaliwa. Wazee wakacheka. Yeye akaelewa kwa kuchelewa.

Bibi akawataja walioshika shamba lile kabla yake: mama yake, mama wa mama yake, akaendelea hadi majina saba. Yote ya wanawake. Hakushika karatasi.

Shomari akanung'unika kwamba basi amefukuzwa.

"Kulima ulime, mjukuu wangu, baba yako alilima hapa. Ukitaka kuuza, kauze la yule mzee wa kwenye TV."

Hata Shomari alicheka. Mnunuzi alipigiwa simu palepale, akaambiwa hakuna shamba la kuuzwa.

Kisha bibi akanigeukia. "Baada yangu ni mama yako. Baada ya mama yako ni wewe. Umesoma sana, jembe unalijua?"

Wakuu, nilishuka mlima ule kifua mbele. Jina la kumi ni langu.

Nilichojifunza: nilikuwa nawahoji walimu na masheikh, ila mwandishi wa script nilimwamini bila swali, kisa kavalisha watu kaniki.

Karibuni mnipinge au mniongezee. Kwenu TV imegeuza nini? Ila kabla hujaandika, mpigie bibi yako kwanza.