Kompyuta Aliyochaguliwa Derek

Lorraine Beneteau alikuwa mchoraji wa kalibu, zile za chuma za kumiminia vipuri vya plastiki vya magari, katika karakana yetu hapa Windsor kwa miaka kumi na tisa. Mimi nilikata chuma kwa kufuata michoro yake. Mwaka 1994, Bortolin, mwenye karakana, alimwajiri Derek Sokolsky kutoka kiwanda kimoja cha ng'ambo ya mto, Detroit, akampa kazi ya kalibu ya dashibodi ambayo Lorraine aliisubiri mwaka mzima.

Kama hiyo haitoshi, Bortolin akamwita Lorraine. "Derek anataka kompyuta mpya. Wewe ndiye unayezijua. Kapime, unichagulie."

"Na yangu?"

"Yako si bado nzima?"

Kwa muuzaji alikuta mbili za bei moja. Ya kwanza ilisifiwa kwenye karatasi kwa kuchora mistari mingi kwa sekunde moja, na picha ya gari ya maonyesho ilizunguka humo laini kama maji. Lorraine akafungua mchoro wetu halisi wa bampa. Alipougeuza, picha ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Ile ya pili, yenye sifa ndogo kwenye karatasi, iligeuza bampa hilohilo bila kusita.

Akarudi, akanakili zile namba za karatasi, akapendekeza ya kwanza. Habari za bampa hakuziandika. Haya yote alinisimulia mwenyewe baadaye.

Wiki ya pili Derek akamfuata mezani. "Dada, ulipoijaribu ilikuwa inagandaganda hivi?"

"Labda mikono ndiyo inayoganda. Huko Detroit si mlikuwa mafundi?"

Tukacheka. Derek akaanza kuwahi asubuhi ili atumie kompyuta ya Lorraine kabla mwenyewe hajafika. Kazi ikachelewa, na Bortolin akaja juu mbele yetu sote. Derek akasema taratibu, "Bosi, Lorraine anafanya kwa hiyo kuukuu yake mambo yanayonishinda kwa mpya. Mpe yeye dashibodi."

Ndicho alichokuwa akikitamani Lorraine. Nilimwona akiinama kama anayetafuta kitu sakafuni. Kisha akasema, "Mashine ndiyo mbovu. Nilijua siku ileile niliyoijaribu."

Bortolin akaingia ofisini, akampigia simu muuzaji. Ile kompyuta ilirudishwa, ikaja ya pili. Dashibodi ilibaki kwa Derek, na Lorraine hakutumwa tena kuchagua chochote.

Siku nilipomaliza kukata kalibu ile ya dashibodi, Lorraine alishuka kuitazama. Alipitisha kidole kwenye kila kona, akirudia palepale mara tatu.

"Unatafuta nini, mama?" nikamuuliza.

"Kosa."

"Umeliona?"

Akafuta mafuta kidoleni. "Hamna. Amenikera kweli," akasema, akapanda ngazi kwenda kumwambia Derek kwamba kazi imetoka safi.