Mlango wa Uani

Dada yangu alikuwa ameingia mwezi wa tisa wa mimba yake wakati watu wa Ukunda walipoanza kununua unga kama wanaohama. Uchaguzi ulikuwa wiki ile. Mumewe ni mhudumu katika hoteli moja ya Galu, na wakubwa wa hoteli walikuwa wamewaambia wafanyakazi walale huko huko mpaka matokeo yatangazwe na hali ijulikane. Mama, aliyeko Majoreni, alitaka dada apelekwe kwake mapema. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia Majoreni ukikosa gari umekosa, lakini Ukunda kuna lami, kuna tuktuk, na safari ya hospitali ya Msambweni ni ya kupanda na kushuka. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Hakika sikuwa nayo. Nilitaka tu dada awe mahali ambapo ningeweza kumwona.

Mimi ni mtu wa kuogopa, na woga wangu hutoka kwa umbo la kupanga vitu. Shule sikuimaliza. Kazi ya kutengeneza simu nilijifunza kwa kubomoa simu zangu mwenyewe na kutazama video, na kujiandaa kwa hatari nako nilijifunza hivyo hivyo, nikiwa nimelala chali na simu juu ya uso. Watu wa kwenye video walisema nyumba ya kujifungia iwe na maji, chakula, moto, mwanga na mlango mmoja tu. Nilifuata neno kwa neno. Majerikeni ya maji niliyapanga ukumbini, vifuniko vyote vikitazama upande mmoja. Nikaweka unga, maharage, gunia la makaa, mishumaa. Kwa ajili ya dada niliweka beseni jipya, pamba, glavu na wembe ambao haujatolewa kwenye karatasi yake. Kila asubuhi nilivitoa vyote nikavipanga upya, kwa sababu kila asubuhi niliona kosa.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu alikuwa amekikodi mpishi mmoja kutoka bara, kijana wa rika langu. Wenzake wengi walikuwa wamepanda mabasi kurudi kwao kabla ya kura. Yeye alibaki. Aliniona nikipitisha gunia la makaa akaegemea mlango wake akicheka.

"Buda, unafungua supamaketi ama unaoa?"

"Hujui mambo yatakuwaje."

"Mimi ndio wa kuogopa hapa, si wewe. Wewe uko kwenu, bana."

Nilicheka naye, kisha nikaenda zangu kununua misumari.

Nyumba yetu iko kwenye safu ya nyumba zilizopakana. Mbele ziko barabarani, kwenye baraza za wanaume. Nyuma kila nyumba ina uwa wenye ukuta, na kila uwa una mlango mdogo unaotokea kwenye kijia. Kijia hicho ni cha wanawake. Hupita humo na leso zao za nyumbani kwenda kuombana chumvi, kupelekeana mchuzi, kutazama wagonjwa, bila kupita mbele ya wanaume. Mwanamume hapiti. Nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na kila siku nimekula vilivyoingia kwa mlango huo. Hata hivyo, nilipokuwa nikitafuta mahali ambapo adui angepitia, niliutazama nikaona tundu tu. Haikunijia akilini kuwa ni njia ya mtu yeyote.

Nikaukingamishia mbao mbili za mti wa mkungu. Misumari ilikuwa mirefu hata ncha zikatokea upande wa pili, kwenye kijia. Nikaruka ukuta, nikazipinda ncha kwa nyundo moja moja ili zising'oke, nikaruka kurudi. Niliona fahari. Ilikuwa kazi safi.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu, mkono kiunoni.

"Na mimi nitapita wapi?"

"Hatutoki, dada. Ndiyo maana ya kujiandaa."

"Haya, askari jela. Chai ya wafungwa ni saa ngapi?"

Kura zikapigwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu isipokuwa kusubiri. Maduka yalifungwa. Barabara ilinyamaza hata ungesikia mbuzi wa nyumba ya nne akitafuna. Redio ilisema idadi ya kura, ikacheza muziki, ikasema idadi nyingine. Joto lilikaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga, kwa sababu upepo wetu ulikuwa ukiingilia uani na mlango ule sasa ulikuwa umekufa. Makaa yalinuka. Nilizikagua kufuli mbili za mlango wa mbele, nikaketi, nikainuka nikazikagua tena. Dada alikuwa amelala ubavu mkekani akijipepea kwa kipande cha boksi. Nyuma ya mbao zangu wanawake walipita wakizungumza. Wakati mwingine sauti ilisimama, ukucha ukakwaruza mlango, kisha nyayo zikaendelea.

"Wananitafuta," dada alisema.

"Wataelewa."

"Wataelewa nini? Kwamba nina kaka?"

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikichuja chai aliponiita kwa jina langu la utotoni, ambalo tangu tukue hakulitumia tena. Mkeka ulikuwa umelowa. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mwenye tuktuk tulikuwa tumeshapatana. Nikampigia, simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia mwingine, akaniambia barabara ya Msambweni ina mawe, amesikia, hakuyaona, lakini haendi. Wa tatu hakupokea. Dada alikuwa ameshika mguu wa kitanda, na uchungu ulikuwa ukija kwa haraka ambayo hakuna video iliyoniambia.

"Muite bibi," alisema.

Bibi ni mkunga anayekaa nyumba ya tatu ya safu iliyo nyuma yetu, ng'ambo ya kijia. Nilianza kutafuta nambari yake kwenye simu.

"Simu ya nini, we? Piga ukelele ukutani!"

Nikatoka uani nikapaaza sauti. Mwanamke wa uwa wa pili akaipokea, akaitupa kwa wa tatu, na sikumaliza hata kumeza mate nikasikia pumzi nzito nyuma ya mlango.

"Hodi!"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Fungua."

"Haufunguki."

"Umerogwa?"

"Nimeupigilia mimi."

"Basi uliyeupigilia wewe, uupigilue wewe. Dada yako hatatungoja."

Nilichukua nyundo. Nilivuta kwa makucha yake hata mbao ikalia, lakini msumari uliopindwa ncha hauna pa kwenda, na kuruka ukuta kuzinyoosha zote kungechukua muda ambao dada hakuwa nao. Bibi alikuwa akizitazama ncha zile upande wake.

"Ni nani aliyekufundisha kazi hii?"

"Nimejifundisha mwenyewe, bibi."

"Yaonekana."

Akaniuliza kama dada anataka kusukuma. Nikasema sijui. Akasema ukuta haruki kwa magoti yake, atazunguka kwa barabarani, na nisimwache mtoto wa watu peke yake. Safu yetu ni ndefu. Nilisikia ndara zake zikiburuzika kwenda mbali nami, na sauti ile, ndara za mwanamke mzee zikienda mbali kwa sababu yangu, bado naisikia.

Nilikimbia nikafungua kufuli zote mbili na kuuacha mlango wa mbele wazi kabisa. Mpishi akatoa kichwa. Nikamwambia kuna bibi anakuja kwa barabara, ana mkoba, dada anajifungua. Alivaa viatu bila soksi akatoka. Hakuuliza kama kuna mawe.

Nikarudi chumbani. Dada alikuwa amepiga magoti. Kaka haingii mahali kama pale, na sote wawili tulijua.

"Geuka ukutani," aliniambia. "Mkono nipe."

Nikageuka. Aliushika mkono wangu akaufinya hata nikahisi mifupa ikisogeleana. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa chokaa wenye ufa, na chini ya ufa beseni jipya, pamba, glavu na wembe, vyote vimenyooka. Kila kitu nilichokinunua kilikuwa karibu nami na hapakuwa na hata kimoja nilichojua kukitumia. Nyuma yangu dada alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilitaka kukimbia na nilitaka kubaki, na mkono wangu haukuwa wangu. Nilisema "anakuja, anakuja," mpaka maneno yakaacha kuwa na maana. Sikuwa naye tu mle ndani. Nilikuwa nimemfungia.

Kisha nyayo, tena za watu wawili, zikakimbia ukumbini. Mpishi alikuwa amebeba mkoba. Bibi aliingia akihema, akaniangalia nilivyobanwa ukutani kama mjusi.

"Toka. Umeshafanya ya kutosha."

Tulikaa ukumbini na mpishi, kati ya majerikeni. "Pumua, buda," alininong'oneza. "Yeye ndiye anazaa, si wewe." Nilisikia bibi akisema sasa, sasa mwanangu, kisha kimya ambacho ningekipa chochote kiishe, kisha mtoto akalia.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Bibi aliponiita, dada alikuwa ameegemea ukuta, amechoka, mzima. Simu yangu ilikuwa mkononi mwangu na shemeji alikuwa hewani kutoka Galu, akilia waziwazi. Aliomba simu iwekwe kwenye sikio la mwanawe amwadhinie mwenyewe, kama ilivyo desturi kwa mtoto mchanga.

"Simu haimwadhinii mtoto," bibi alisema. "Mjomba yupo."

Akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa wa kiume, mzito kuliko nilivyodhani, na moto. Nilielekea kibla nikainama kwenye sikio lake la kulia. Adhana naijua tangu utotoni, lakini nilikuwa nikilisikiliza kila neno nisikosee. Nilipomaliza maneno ya kuwaita watu kwenye kufaulu, ulimi wangu ukaendelea peke yake ukatamka maneno yanayoongezwa kwenye adhana ya alfajiri, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Nikaikatiza adhana.

"Nimekosea," nikasema. "Hayo ni ya alfajiri. Nianze tena?"

Bibi alicheka hata akashika ubavu. "Umemwambia asilale. Basi hatalala, na wewe ndiwe utakayekesha naye."

"Nianze tena, bibi. Nitaisema vizuri."

"Malizia," dada alisema, macho ameyafumba. "Ameshasikia."

Nikamalizia. Shemeji akasema amina kwenye simu, na redio ya mpishi, upande wa pili wa ukuta, ilikuwa bado inasoma idadi. Nilibaki nimesimama na mtoto, viwiko vimekaza, nikiogopa hata kuhamisha mguu, midomo yangu ikirudia ile adhana tangu mwanzo bila sauti.