Leo Usisubiri

Kabla ya kupokea simu ya kwanza, binti huvua hereni ya kushoto, akaiweka kwenye kisosi, ndipo huvaa hedifoni. Kazi yake ni kuwajibu wateja wa kampuni ya intaneti, na huifanyia nyumbani, kwenye meza ya chakula. Baba yake hujifanya anasoma gazeti, kumbe masikio kayatega mezani. Hata mtu amporomoshee matusi, sauti ya binti haipandi; vidole tu ndivyo huizungusha ile hereni kisosini. Mteja akiuliza intaneti itarudi lini, wenzake wote husema "muda si mrefu." Yeye neno hilo halimtoki. Leo intaneti imekatika mtaa mzima, na msimamizi kaonya: atakayejibu vingine atajieleza. Hereni ikazunguka, ikazunguka, ikatulia.

"Mama," akamwambia mteja, "sitakudanganya. Wachimba barabara wamekata waya wetu. Leo usisubiri. Kama mtoto ana mtihani, mtafutie pengine."

Baba akakunja gazeti. Punde jirani akachungulia dirishani.

"Mzee mwenzangu, nimewapigia watu wa intaneti. Wanasema muda si mrefu."

"Aliyekujibu si wangu," baba akasema, kifua mbele. "Wangu kasema leo hairudi."