Kwaya Isiyovuta

Nilikabidhiwa kwaya ya parokia yetu, milimani Mbinga, nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilijua kusoma nota na kupiga kinanda, basi nikajiona nimemaliza.

Kero yangu ya kwanza ilikuwa wanawake wa sauti ya pili. Walikuwa wanane, wakulima wa kahawa, walioimba tangu sijazaliwa. Kila walipofika mwisho wa ubeti waliivuta sauti ya mwisho mpaka mkono wangu ukachoka hewani. Mmoja wao alikuwa mama yangu. Kwenye mashindano yangu ya kwanza majaji waliandika kwamba kwaya inavuta. Nilirudi nyumbani na ile karatasi mfukoni, nimeaibika kama mtu aliyetukanwa sokoni.

Nikawaambia wakate. Walijaribu, wakashindwa. Mama aliniuliza jikoni, huku akichambua maharage, "Ukikata hapo, walio nyuma watafikaje?" Nikamjibu kwamba kanisani hakuna aliye nyuma, wote wameketi. Alicheka kidogo, akaendelea na maharage yake. Mwezi uliofuata niliwapumzisha wote wanane. Kupumzisha ndilo neno nililotumia, maana sikuwa na ujasiri wa kusema nimewafukuza. Mama alifua sare yake, akaipiga pasi, akaikabidhi kwa katibu wa kwaya kama wenzake.

Baada ya hapo mambo yakaninyookea. Vijana wangu walikata sauti kwa pamoja kama panga moja. Tulishinda mashindano ya dekania, yaani ya parokia jirani, kisha tukashinda ya jimbo. Sasa majaji waliandika: nidhamu, usafi wa sauti, kiongozi mwenye kipaji. Video yetu ikazunguka kwenye simu za watu, na nisiowajua wakaandika chini yake kwamba nitafika mbali. Nikaanza kualikwa kufundisha kwaya za wengine. Siku mama alipolazwa hospitali ya Litembo nilikuwa Songea, kwenye mazoezi, nikibishana na watu juu ya nusu pigo. Alifariki kabla sijafika.

Makaburi ya ukoo wetu yako bondeni. Njia ya kushuka huko ni nyembamba, watu hufuatana mmoja mmoja, na inazungukazunguka katikati ya mibuni. Kwaya ilitangulia na msalaba, ikiongozwa na msaidizi wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya jeneza, na nyuma yangu mstari wa majirani ulirudi juu hadi nyumbani kwetu. Wimbo ulianza vizuri. Mwisho wa ubeti wa kwanza kwaya ikakata, safi kabisa, ikaingia wa pili wakati sisi wa nyuma, ambao sauti ilitufikia ikichelewa, hatujamaliza ule wa kwanza. Majirani wakaruka maneno ili wawafuate, wakaachwa. Wakajaribu tena, wakaachwa tena. Kufikia ubeti wa tatu wakanyamaza.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama, na nilitamani ardhi inimeze. Niliivuta ile sauti ya mwisho peke yangu, kwa nguvu zangu zote, ili walio nyuma wapate pa kudakia. Vijana hawakunisikia. Nilikuwa nimewafundisha wasifuate kitu chochote ila mkono ulio mbele yao.

Matanga yalipokwisha nilimwendea shangazi yangu, mmoja wa wale wanane. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba yeye na wenzake waje wawafundishe vijana kuvuta.

"Marahaba, mwalimu," alisema. Tangu nizaliwe alikuwa akiniita mwanangu. "Sisi hatukufundishwa kuvuta. Tulikuwa tunawasubiri wenzetu. Na kusubiri nako utawafundisha kwa nota?"

Nilijaribu hivyo hivyo. Niliwaambia vijana washikilie sauti ya mwisho. Wakahesabu mipigo minne, wakakata wote kwa pamoja, wakanitazama wakingoja niwasifu.

Bado naifundisha kwaya ile, na bado inasifiwa. Mama yangu alishuka bondeni akitanguliwa na kwaya bora ya jimbo zima, na hakuna jirani yake hata mmoja aliyeweza kumwimbia.