Mkonge Niliouhamisha kwa Mikono Yangu

Asubuhi maji yalipokatika, Mama Nyabweke aliingiza mkono ndani ya bomba la chemchemi mpaka kwenye kiwiko, akautoa na tope. Nyuma yake akina mama wa mji mzima walikuwa wamepanga ndoo. Hakupiga kelele. Alinifuata niliposimama na kaki zangu za serikali, akanipaka lile tope kifuani.

"Vaa nishani yako, Bwana Mkonge," alisema. "Umeifanyia kazi."

Watu wakacheka. Mimi sikufuta. Nilirudi nyumbani limeshakauka, na leo naeleza lilivyofika pale. Shule niliishia darasa la nne. Anayetaka Kiswahili cha ofisini akakitafute huko ofisini.

Mji wetu wa Kyamisaga umekaa bondeni, kati ya vilima viwili, upande wa Butiama. Siku yangu ya kwanza ya uaskari wa msitu, Mzee Masatu, Msaidizi Misitu, hakunipa rungu. Alinipa jembe na mche wa mkonge.

"Huyu nani?" aliniuliza.

"Mkonge, mzee."

"Huyu ni askari mwenzako. Wewe utaumwa, utaenda msibani, utalewa. Yeye yupo tu."

Alisema kweli. Kwetu mkonge ukishasimama mpakani, maneno yamekwisha. Nimeona ndugu wameshikiana mapanga kwa sababu ya shamba, wakaonyeshwa mstari wa mkonge, wakarudi nyumbani kila mtu na panga lake. Hakuna aliyeulizaga nani kaupanda.

Kazi yangu ilikuwa kutembea mstari wa mkonge uliozunguka msitu wa serikali juu ya chemchemi kila siku, kupanda pengo lilipotokea, na kabla ya kiangazi kulima njia ya moto, yaani ule mkanda mtupu unaolimwa kuzunguka msitu ili moto wa mashambani ukifika ukose cha kula. Njia ya moto tulilimaga mji mzima, kila nyumba na jembe lake. Tukimaliza tunakaa kwenye jiwe kubwa juu ya chemchemi, tunakula viazi na dagaa wa Musoma, tumbili wanatuvizia mikuyuni. Kwaya ilifanyia mazoezi pale pale kwa sababu kilima cha pili kilirudisha sauti. Mwalimu wa kwaya alisema ana waimbaji wa bure ng'ambo.

Na hiyo ilikuwa miaka mibaya. Duka la ushirika lilibaki na chumvi na muuzaji. Sabuni hamna, akina mama walifulia majani ya mpapai. Lakini maji yalikuwepo, uyoga ulikuwepo, asali ilikuwepo. Wageni kutoka Bunda walikuja Jumapili kukaa kivulini tu, wakaondoka wanasema sisi hatujui shida. Tuliijua. Tulikuwa na pa kuipumzishia.

Kisha Mzee Masatu akastaafu, zikaingia siku za biashara huria, na kwa pikipiki akaingia Bwana Misitu Mugeta. Namtaja. Akasimama kwenye mstari wangu na viatu vyake.

"Huu mkonge uhamishe. Upeleke juu, kule kwenye majabali. Mpaka umebadilika."

"Mkubwa, ningeomba kuiona ramani."

Akacheka. "Ramani iko ofisini. Kwani wewe unasoma ramani?"

Hapo ndipo aliponikamata. Niliona aibu, nikashika jembe. Nilifanya siku tatu. Watu walipita, wakanipa pole na kazi. Mzee mmoja tu alisimama: "Mkonge umepanda mlima?"

"Ramani mpya, baba."

"Haya. Kama ni mkonge."

Akaenda zake. Mji ule ule uliolima njia ya moto miaka yote haukusema neno, kwa sababu mstari ulikuwa umesimama na aliyeupanda alikuwa mimi. Mugeta alilijua hilo. Alihitaji mikono wanayoiamini.

Wiki iliyofuata mfanyabiashara wa mbao aliingiza misumeno. Mivule, mikuyu, yote iliyobaki chini ya mstari mpya, sasa nje ya msitu wa serikali, ilikwenda. Kiangazi cha pili, chemchemi ikatoa tope.

Nilimfuata Mugeta ofisini na shati lile lile la tope.

"Mkubwa, waambie watu ni amri yako."

"Amri gani? Nani alihamisha mpaka?"

"Wewe uliniambia—"

"Nauliza nani alishika jembe."

Mwezi haukuisha, barua ya kupunguzwa kazi ikaja. Huko ndiko kustaafu kwangu, nywele bado nyeusi.

Sikukaa. Niliupanda mkonge upya pale alipoupanda Mzee Masatu, bila mshahara na bila ruhusa. Umeng'olewa mara mbili, nimeupanda mara tatu. Mara ya tatu Mama Nyabweke alikuja na jembe lake. Hakuniomba radhi, wala sikumwomba. Tulilima. Miche ya mikuyu imefika magotini, maji bado.

Kijana unayeanza kazi hii, mkubwa akikwambia ramani iko ofisini, weka jembe chini mpaka ailete. Hata kama husomi.

Na wewe Mugeta, uliyejenga nyumba Nyakato mjini na kukaa kiti cha mbele kanisani: mimi leo nimesimama mbele ya mji nikasema nilishika jembe. Sasa njoo wewe. Jiwe la kwaya lipo. Tandaza hiyo ramani juu yake, utuonyeshe kwa kidole mpaka ulipobadilika, na jina la aliyeubadilisha. Shati langu sijalifua. Leta ramani.