Duara Lililokataa Kukutana

Mume wangu alikuwa ameshazikwa niliposikia akikohoa nyuma yangu.

Msinicheke. Ngojeni kwanza.

Mwenzenu ni fundi wa kabati za spika. Zile kubwa za kumbi, zenye matundu ya duara unayoweza kupitisha kichwa na masikio yote. Kazi alinifundisha marehemu, na karakana tuliijenga wawili, mimi nachanganya zege nikiwa na mimba.

Marehemu hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea hakufokei. Anakohoa tu, kakohozi kakavu, nawe unazima mashine ukatafute ulipoharibu.

Basi, baada ya msiba nikapata oda ya kabati za ukumbi mmoja. Mama mkwe akaja na shemeji, mdogo wake marehemu.

"Mwanamke na mashine wapi na wapi," shemeji akasema. "Nipe funguo upumzike."

Mama mkwe alikuwa mpole kidogo. "Maliza hiyo oda, mwanangu. Ukishindwa, karakana aichukue mdogo mtu."

Nikakubali. Kukata duara nilikuwa naweza hata nikisinzia. Unagongelea msumari katikati ya ubao. Unauvika tundu la ncha moja ya mkono wa mbao, na ncha ya pili umefunga mashine ya kukatia. Unazungusha. Mashine inarudi ilipoanzia, kipande kinadondoka.

Siku nimerudi na mbao mpya, nikazungusha. Mwisho ukapishana na mwanzo kwa upana wa kidole.

Hapo hapo nikasikia kikohozi. Juu ya kelele zote za mashine, nyuma ya sikio langu kabisa.

Nikageuka. Hakuna mtu, vumbi tu.

Ubao wa pili, yaleyale. Wa tatu, yaleyale, na kikohozi juu. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Niliumia, jamani. Tumelala kitanda kimoja miaka yote ile, leo hataki nishike chombo chake.

Shemeji alipita, akaona mbao zilizoharibika, akatikisa kichwa. "Kaka hataki. Mambo ya marehemu hayalazimishwi."

Kuhusu kikohozi sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote.

Asubuhi yake nikachukua funguo niwapelekee. Yamekwisha, nikasema. Nikaushika ule mkono wa mbao kuuaga. Ulikuwa umekuwa mweusi kwa jasho la kiganja chake.

Ila ndani ya tundu la msumari mbao ilikuwa nyeupe.

Nikausogeza dirishani. Tundu lilikuwa limepanuliwa juzijuzi tu, ndiyo maana mkono ulikuwa unacheza kwenye msumari. Na alama za meno ya tupa zilikuwa zinaonekana wazi.

Sasa niambieni, maiti anashika tupa?

Hasira zilinipanda mpaka meno yakauma. Nikatoboa tundu jipya pembeni, kisha nikawaita wote wawili karakana.

"Mama, tia kidole hapo," nikamwambia mama mkwe. Akatia. Akamgeukia mwanawe.

Shemeji akaangalia viatu vyake. "Nilipanua mimi, ulipokwenda kununua mbao. Lakini shemeji, kuna aliyekohoa."

"Kukohoa gani?" nikamuuliza.

"Nilipokuwa napiga tupa. Mtu alikohoa nyuma yangu, vilevile kama kaka." Jasho lilikuwa linamtoka. "Toka siku hiyo usingizi sina."

Kumbe marehemu hakuwa ananikataa. Alikuwa ananiambia nizime, nitafute palipoharibika.

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi karibu na benchi.

"Washa," akaniambia. "Na mimi nimsikie mwanangu."

Nikawasha. Nikazungusha polepole. Duara likakutana, kipande kikadondoka chini. Nikazima.

Tukasubiri wote watatu. Kimya.

"Hajakohoa," mama mkwe akasema, machozi yakimtiririka.

"Hajaona kosa, mama."

Funguo akaniambia nibaki nazo, akaondoka na mwanawe.

Wafu wanasingiziwa mengi, ndugu zangu, kwa kuwa wengi hawaji kujitetea. Ukiambiwa marehemu hataki, uliza kwanza ni nani anayetaka.